Hewa Haba

Nimeinunua Alhamisi, siku ya gulio la El Alto,
kwa Wenceslao muuza ndizi, aliyeipandisha
toka nyanda za chini, Santa Cruz, juu ya lori la mikungu.
Kiti kimeshonwa kwa waya wa simu. Kioo kimoja.
Honi haina sauti, ina kikohozi.
Elfu moja mia nane, na tumevutana
mpaka supu yake imeganda mafuta juu.

Zimebaki mia mbili na kumi.
Nimeziandika nyuma ya mfuko wa unga
kwa mkono ule ule unaokanda mikate usiku:
oili, arobaini. Viatu vya breki, mbele na nyuma, sitini.
Mnyororo nimeutoa, nimeulaza katika mafuta ya taa
ndani ya karai la kukandia. Mama
hajaniuliza, wala sijamwambia.
Umetoka ukihesabika, pingili kwa pingili.
Mbili zimekufa. Nimezikata, nikaunga;
mnyororo mfupi, lakini hausemi uongo.

Jirani yetu Grover amefunga taa za buluu chini ya injini
na ekzosi inayoamsha hata walioko kaburini.
Breki zake anaziombea.
Nami niliitamani, sitaficha. Niliishika moja gulioni,
inang'aa, nikajiona ndani yake sura imerefuka,
nikairudisha polepole kama yai la jirani.

Jumamosi nikaipiga kiki. Ikawaka.
Kilima cha kwanza, ikakohoa.
Cha pili, ikatema moshi mweusi, ikalala.
Nikaisukuma. Mita elfu nne na ushei juu ya bahari,
ukisukuma chuma, roho inakaa kwenye meno.
Nikafungua plagi: masizi matupu.
Nikasema, nimeingizwa mjini. Nikasema, Wenceslao
anakula ndizi kwa pesa yangu.

Ermelinda Chuquimia huuza jeti za kabureta
katika kopo la biskuti, zimepangwa kwa namba,
na sketi zake, moja juu ya nyingine,
zimelizunguka kopo kama kuku anayeatamia.
Pikipiki hakuigusa. Aliinusa plagi tu.
"Huyu mgeni," akasema. "Kwao chini hewa ni nzito,
anakunywa mafuta mengi na kuyamaliza.
Huku hewa haba. Naye anakula vilevile kama kwao,
ndiyo maana anapaliwa."
Akatoa jeti, shaba ndogo kuliko punje ya mahindi,
akaipuliza, akaiinua kwenye jua, akafumba jicho moja.
"Tisini. Toa hiyo ya mia na tano.
Usimwongeze kitu. Mpunguzie."
Boliviano kumi na mbili. Nikaomba kumi.
Akafunga kopo.
Nikalipa kumi na mbili.

Nilikaa na tundu lile kiganjani
muda mrefu kuliko kazi ilivyodai.
Mwaka mzima nimelia kwamba mfuko wangu
ni kama hewa ya huku,
na leo nimelipia kitu
ambacho thamani yake ni kule kubana.

Saa kumi alfajiri, mikate mia mbili kwenye kreti,
kilima cha kwanza, cha pili.
Cha tatu kwa gia ya pili, bila haraka,
mlio mkavu, safi,
kama mtu aliyemeza mate kabla ya kusema la kweli.
Breki zikashika mbele ya mbwa wa akina Ticona;
mbwa akanitazama kama mimi ndiye ninayemdai.

Baada ya petroli, zimebaki sitini na nane.
Kioo cha pili kinauzwa thelathini. Kiti kitangoja.
Honi nilitaka kuibadilisha, nikaghairi:
wateja wa mtaa wa juu wamekwisha izoea,
wakisikia kikohozi gizani
wanafungua mlango, sarafu mkononi.